Adabu za Kukiuliza Kitabu cha Marejeo

Vitabu viko vya namna mbili: visomwavyo na viulizwavyo. Hadithi au tawasifu mtu huianza ukurasa wa kwanza akaendelea nayo hata mwisho, na akichoka huiweka kando akairudia kesho. Ama kamusi, ensaiklopidia, atlasi, na ile mihtasari ya sheria na tiba iliyokusanya elimu ya karne nyingi ikaikaza ndani ya majalada machache, hakuna aisomaye kwa mfululizo ila mwenye kuihariri au mwenye kifungo kirefu. Mtu huviendea vitabu hivyo kwa haja, akaulizia neno moja, au mji mmoja, au ugonjwa mmoja, na akipata jibu hukifunga kitabu akaenda zake. Kwa kuwa mazungumzo hayo ni mafupi, aghalabu watu hudhani kwamba hayana adabu zake wala hayataki mafunzo. Shuleni watoto hufundishwa kusoma kwa sauti na kuzifahamu habari, lakini ni nadra mwalimu atakayewaketisha mbele ya kamusi akawaonyesha jinsi ya kuiuliza. Matokeo yake twayaona kila siku katika mabishano ya barazani na katika magazeti, mtu akisema “kamusi imesema hivi” kwa sauti ya mwenye kutoa hukumu, ilhali kamusi yenyewe, lau angaliiuliza vizuri, ingalimjibu jambo jingine.

La kwanza na lililo kubwa ni kuanza na dibaji. Kurasa zile za mbele, ambazo wengi huziruka kana kwamba ziliandikwa kwa ajili ya wapiga chapa peke yao, ndimo mtunzi alimouweka ufunguo wa kazi yake. Kwani mwenye kukusanya elimu nyingi katika nafasi ndogo hana budi kufupisha, na mwenye kufupisha hana budi kutumia alama, na alama haina maana ila kwa aliyeambiwa maana yake. Mfano ulio bora niujuao umo katika vitabu vya fiqihi vilivyosomwa katika pwani yetu tangu zamani. Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277, alikitwaa kitabu cha Imamu Rafii kiitwacho al-Muharrar, akakifupisha, akakiita Minhaj al-Talibin. Na maadamu Waislamu wengi wa pwani ni wafuasi wa madhehebu ya Shafii, kitabu hicho kimekaa mikononi mwa makadhi na wanafunzi wao kuanzia Lamu hata Ngazija. Basi katika dibaji yake Nawawi aliweka istilahi kadhaa, na miongoni mwake zimo nne ambazo mwenye kuzifahamu huweza kusoma mengi katika neno moja. Asemapo al-adhhar, maana yake ni kwamba katika jambo hilo zipo kauli mbili au zaidi za Imamu Shafii mwenyewe, na ile iliyoachwa nayo ina nguvu. Asemapo al-mash'hur, iliyoachwa ni dhaifu. Asemapo al-asahh, khitilafu si ya Shafii bali ni ya wanazuoni waliofuata misingi yake, na rai iliyoachwa ina nguvu. Asemapo al-sahih, rai iliyoachwa ni dhaifu.

Na atazame msomaji jinsi mtego ulivyo. Asiyeisoma dibaji hukutana na “iliyo sahihi zaidi” mahali pamoja na “iliyo sahihi” mahali pengine, akadhani bila ya shaka kwamba ile ya kwanza ndiyo yenye hukumu iliyokatika, kumbe mambo ni kinyume: palipo na “sahihi zaidi” pana mshindani wa kweli aliyeshindwa kwa shida, na palipo na “sahihi” tu mshindani hakuwa na hoja ya kusimamia. Mtu aweza kukihifadhi kitabu kizima kwa moyo na bado akakisoma upande upande, kwa sababu hakuzisoma kurasa zile za mwanzo.

Kamusi zetu za Kiswahili nazo zina alama zake, ingawa ni nyepesi zaidi. Katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu, neno likifuatwa na nm ni nomino, likifuatwa na kt ni kitenzi, na vile vibano vyenye [a-/wa-] au [i-/zi-] vyatuambia ngeli, yaani namna neno linavyopatana na wenziwe katika sentensi. Mabishano mengi ya sarufi yangalimalizwa na vibano hivyo kabla ya chai kupoa. Hata hivyo, msomaji asitaraji kwamba kila kamusi itamjibu jibu moja, kwani kuna mfano wa kuchekesha uliopigwa chapa juu ya majalada yenyewe: wazee wa Dar es Salaam walitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar likatoa mwaka 2010 Kamusi la Kiswahili Fasaha. Hawa wasema kamusi hii, na wale wasema kamusi hili, na hakuna kati yao aliyeteleza. Kila mmoja ameandika kama wasemavyo watu wake, na mwenye vitabu vyote viwili rafuni ameshafunzwa jambo kubwa kabla hajavifungua.

Baada ya dibaji, yampasa mtu ajifunze mpango wa kitabu. Lugha yetu hubadilika mbele na nyuma, na kwa hiyo mwanafunzi anayetafuta nyuso chini ya N ataondoka mtupu, kwa kuwa mahali pake ni chini ya uso. Ndimi yataka ulimi, mbavu yataka ubavu, meno yataka jino. Na neno kama walivyoandikiana halipatikani popote mpaka livuliwe viambishi vyake vyote, vya mbele na vya nyuma, hata ibaki andika. Frederick Johnson, katika kamusi zake za mwaka 1939, alizipanga nomino nyingi chini ya vitenzi zilikozaliwa, hata mpimaji na kipimo ukavikuta kwa mzazi wao pima, ilhali kamusi za siku hizi huipa kila nomino mahali pake. Kabla ya kusema kwamba neno fulani “halimo”, litafute nyumbani kwake na kwa wazazi wake. Tazama pia ng'ombe amewekwa wapi akilinganishwa na ngoma, maana watunzi hawakuafikiana. Wasomao Kiarabu wanalijua jambo hili zaidi, kwa kuwa al-Khalil bin Ahmad aliianza kamusi yake kwa herufi ya ayn na kuzipanga herufi tangu kooni hata midomoni, na Ibn Manzur katika Lisan al-Arab akayapanga maneno kwa herufi ya mwisho ya asili yake, hata neno kitabu likapatikana katika mlango wa herufi ya baa. Mwenye kuingia humo akitafuta kwa herufi ya kwanza atadhani Waarabu hawana vitabu.

Kisha utazame mwaka. Na hapa nataka nikawie kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapodanganyika sana. Kuchapwa tena si kuandikwa upya. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mara ya kwanza mwaka 1981, na toleo lake la pili halikutoka mpaka 2004, na la tatu likawa 2013. Kwa hiyo nakala iliyonunuliwa dukani katika miaka ya 1990, hata ingawa jalada lake lang'aa na karatasi zake zanukia gundi, elimu yake ni ya 1981, na kwa hakika ni ya kabla ya hapo, kwa kuwa kazi ya kukusanya maneno huchukua miaka. Usiitafutie maneno ya simu za mkononi, wala usiyakatae maneno hayo kwa hoja kwamba humo hamna. Kamusi za Johnson zimechapwa tena na tena kwa miongo mingi baada ya 1939, na zikiwekwa rafuni karibu na vitabu vya juzi hufanana navyo kwa sura. Anayetaka kujua umri wake ageuze ukurasa wa jina, asome nyuma yake kwa herufi zile ndogo, na ashike mwaka wa toleo, si mwaka wa chapa.

Atlasi ndiyo huzeeka upesi kuliko vyote. Isiyo na Sudan Kusini ni ya kabla ya Julai 2011. Isiyo na mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ni ya kabla ya 2012, na isiyo na Songwe ni ya kabla ya 2016. Nayo ikisema kwamba mji mkuu wa Burundi ni Bujumbura, bila ya kuutaja Gitega kuwa ndio makao makuu ya siasa, haijafika 2019. Vipimo hivi ni vya dakika mbili, na mzazi aweza kuvifanya akiwa amesimama dukani kabla ya kutoa fedha yake, hasa anapouziwa atlasi za shule kwa bei iliyo rahisi mno.

Lakini mwaka peke yake hautoshi. Yabidi kuuliza ni nani aliyekusanya, na alisikiliza kwa nani. Johann Ludwig Krapf aliingia Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake, iliyotoka London mwaka 1882 baada ya yeye kufariki, ni kamusi ya masikio yaliyofunguka Mombasa, na Kimvita ndicho kimejaa ndani yake. Arthur Cornwallis Madan alikuwa mtu wa misheni ya Unguja, na kamusi zake za 1894 na 1903 zina sauti ya Unguja. Padri Charles Sacleux, Mfaransa aliyekaa Bagamoyo na Unguja katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, alikuwa pia mpenzi wa mimea, na kamusi yake kubwa, iliyoanza kutoka Paris mwaka 1939, ina majina ya miti na majani ambayo huwezi kuyaona mahali pengine, na kila mara hujitahidi kukwambia neno ni la lahaja gani. Basi mshairi anayetafuta neno la Mombasa, na mwalimu anayetafuta neno la mtihani, na mganga anayetafuta jina la mti, hawapaswi kubisha mlango mmoja. Na msemaji wa Kimvita asemaye ndia asikubali kuambiwa kwamba amekosa kwa kuwa kamusi ya Kiswahili sanifu yasema njia. Kamusi hiyo ilijengwa juu ya uamuzi wa 1928, pale Mombasa kwenyewe, wa kuifanya lahaja ya Unguja kuwa msingi wa maandishi, nao ulikuwa uamuzi wa wakubwa wa serikali na misheni, wala haukuwa hukumu juu ya ndimi za watu.

Hapa pana jambo ambalo wachunguzi wa haraka hulisahau. Mtu hutazama neno katika Madan, akalitazama katika Johnson, akaona yamekubaliana, akasema: nimepata mashahidi wawili. Hasha! Johnson aliijenga kazi yake juu ya Madan, na ukurasa wa jina wa kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiingereza wakiri hivyo waziwazi. Na waliokuja baada yake nao walikuwa na Johnson mezani. Ushahidi wa mtoto aliyehadithiwa na babaye hauongezi kitu juu ya ushahidi wa baba. Mwenye kutaka mashahidi wawili wa kweli na awatafute katika nasaba mbili, kwa mfano Sacleux upande mmoja na Johnson upande wa pili, au kitabu kimoja na mzee mmoja aishiye na lugha hiyo.

Katika tiba jambo hili liliwagharimu watu zaidi ya miaka elfu moja. Galen, tabibu wa Warumi wa karne ya 2, alisema kwamba damu hupenya kutoka chumba cha kuume cha moyo hata cha kushoto kwa vitundu visivyoonekana katika kiwambo kilicho kati yake. Ibn Sina, alipokusanya elimu yote ya tiba ya zama zake katika al-Qanun fi al-Tibb, vitabu vitano vilivyopangwa kwa ustadi hata cha tatu kikayaeleza maradhi kwa mfuatano wa viungo tangu kichwani hata miguuni, aliyapokea mengi ya Galen katika jambo hilo. Na kwa kuwa al-Qanun kilifasiriwa kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12 na kusomeshwa katika vyuo vya Ulaya, kosa lilisafiri pamoja na hekima. Aliyelikamata ni Ibn al-Nafis, tabibu aliyezaliwa upande wa Dameski na kufanya kazi Misri, naye alilikamata mnamo 1242 katika kuishereheshea sehemu ya al-Qanun ihusuyo viungo vya mwili: akasema kiwambo hicho ni kinene na hakina tundu, ionekanayo wala isiyoonekana, na kwamba damu haina njia ila kupitia mapafuni. Maneno yake yalikaa katika makabati hata mwaka 1924, tabibu wa Kimisri alipoyakuta katika hati zilizohifadhiwa Berlin. Sikitaji kisa hiki ili kumpunguzia Ibn Sina cheo chake. Nakitaja kwa sababu Ibn al-Nafis alifanya lile ninalomtakia kila msomaji, nalo ni kukisoma kitabu kikubwa kwa heshima na kalamu mkononi.

Hadhari nyingine ni ya tafsiri. Nimekwisha kusema habari za Minhaj. Sasa msomaji asikie mwisho wake. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kifaransa na Mholanzi aitwaye van den Berg, kikatolewa Batavia katika miaka ya 1880, na mwaka 1914 kikatoka London kwa Kiingereza, kwa kalamu ya Howard, aliyefasiri si kutoka Kiarabu bali kutoka Kifaransa hicho. Na Kiingereza hicho ndicho mahakimu wa Kiingereza wa Afrika Mashariki, wasiojua Kiarabu, walikifungua mbele yao walipoamua mirathi na wakfu za watu wa pwani. Hebu hesabu: muhtasari wa kitabu ambacho nacho ni muhtasari, kwa lugha ya tatu, mikononi mwa mtu asiyezijua sherehe za Ibn Hajar wala za Ramli ambazo kadhi yeyote wa Shafii huziona kuwa sehemu ya kitabu. Mtu akikuletea hoja kutoka kitabu cha marejeo, muulize kwa upole amekisoma katika lugha gani, na nani alikifasiri, na kutoka wapi.

Urefu wa maelezo nao usikuhadae. Ensaiklopidia ya Uingereza ilipotoka mara ya kwanza Edinburgh, kati ya 1768 na 1771, ilikuwa majalada matatu: la kwanza lilikuwa A na B tu, la pili likaanza C likaishia L, na la tatu likabeba M hata Z. Haiwi kwamba mambo ya ulimwengu yenye kuanzia A na B peke yake yastahiki jalada zima kati ya matatu. Watunzi walianza kwa pumzi nyingi, na fedha na muda vikawakumbusha kupunguza mwendo. Kila kitabu kikubwa kina mahali kama hapo, na mwenye kukitumia kwa muda mrefu hupajua.

Ama ensaiklopidia za intaneti, na miongoni mwake Wikipedia ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2003, sina mengi ya kuongeza, kwa sababu adabu ni zilezile: mtunzi, mwaka, asili. Tofauti ni kwamba humo kila ukurasa una historia yake ya masahihisho, ambayo yeyote aweza kuifungua akaona nani kaongeza nini na siku gani, na hiyo ni neema ambayo kitabu cha karatasi hakina. Na asiyeifungua ameiacha ile faida ya pekee.

Watu huniuliza wanunue nini. Nyumba yenye wanafunzi haihitaji rafu iliyojaa. Kamusi moja ya Kiswahili kwa Kiswahili ya toleo la karibuni, atlasi iliyopita katika vile vipimo vya dakika mbili, na kitabu kimoja cha kazi ya mwenye nyumba, kiwe cha kilimo au cha ushoni au cha umeme, vyatosha kuanzia. Mwanafunzi wa sayansi atafute zile kamusi za istilahi zilizotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, kama ile ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990, akijua kwamba baadhi ya istilahi zake zilishika na baadhi hazikushika. Mwenye kufasiri kwa ujira hana budi awe na kamusi za nasaba mbalimbali, hata ikimlazimu kuzinunua kidogo kidogo. Na yeyote anukuuye, aandike jina la kitabu, na toleo, na kidahizo, yaani neno lililoulizwa. “Kamusi imesema” si nukuu, kama vile “watu wasema” si ushahidi.

Limebaki ombi moja. Ziko nyumba Mombasa, Tanga, Bagamoyo na Unguja zenye nakala kuukuu za Madan na Johnson zilizoachwa na wazee waliokuwa walimu au makarani, na kila zinapohamishwa fanicha kurasa zake huishia kwa wauza karanga. Mwenye nayo asiitupe kwa kuwa amenunua mpya: maneno yaliyoachwa katika toleo jipya hayapatikani ila katika lile la zamani. Aipeleke maktaba ya shule iliyo karibu naye, na ikiwa ukurasa wa mbele umeng'oka, aandike kwa kalamu jina la mtunzi na mwaka wa toleo ndani ya jalada kabla ya kuitoa.